Nani Mkubwa, Dar au Nairobi? Historia Kutoka Bonde la Kilombero

Mwaka 1905 yalitokea mambo matatu Afrika Mashariki ambayo watu wa wakati ule hawakuwa na sababu ya kuyaweka pamoja. Nairobi, kambi ya reli yenye umri wa miaka sita tu, ilifanywa makao makuu ya serikali ya Waingereza, na Mombasa ikapokonywa heshima hiyo. Huko Dar es Salaam, Wajerumani walianza kutandika reli ya kwenda Morogoro. Na katika bonde la Kilombero, Wambunga na Wapogoro waliingia katika vita vya Maji Maji. Tarehe 30 Agosti wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge, wakapokewa na bombomu. Baada ya hapo askari wa Kijerumani walichoma maghala na mashamba, na waliokufa kwa njaa wakawa wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Miji miwili ilipewa reli na mamlaka mwaka huo. Bonde likapewa njaa. Ukitaka kuelewa kwa nini leo watu wa pwani na watu wa bara ya Kenya hubishana kama Dar ni kubwa kuliko Nairobi, anza hapo, kwa sababu ukubwa wa mji hautoki ndani ya mji peke yake. Ubishi huu unafika hadi Mchombe, katika vijiji vya chini ya milima ya Udzungwa ambako kila ukoo una mtu wake Mbagala au Manzese, huko Dar. Nami nitaujibu kwa tarakimu, maana tarakimu zipo. Lakini tarakimu hizo hazisemi kitu mpaka ujue nani alichora mpaka wa mji, aliuchora lini, na waliomo ndani ya mpaka huo wanakula kutoka wapi.

Dar ndiyo kaka. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuijenga katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, akitaka bandari tulivu upande wa bara. Alikufa mwaka 1870, na mdogo wake Barghash hakuwa na haja nayo. Majumba yakaanza kuporomoka, minazi ikaota ndani ya kuta. Mwaka 1877 Waingereza wa kampuni ya William Mackinnon walianza kuchonga barabara kutoka Dar kuelekea Ziwa Nyasa, yaani kuelekea upande wetu wa kusini magharibi. Baada ya miaka michache waliiacha porini bila kufika popote. Inafaa kuikumbuka barabara hiyo, kwani njia ya kutoka Dar kwenda kusini magharibi ilikuja kukamilika karibu miaka mia moja baadaye, safari hii kwa chuma.

Wajerumani walipohamisha makao yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, Dar ilipata uhai wa pili. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikisiwa kuwa na watu kama 20,000. Nairobi ilikuwa bado changa. Reli ya kutoka Mombasa ilifika kwenye tambarare ile yenye majimaji mwishoni mwa Mei 1899, wahandisi wakaona pafaa kupanga karakana kabla ya kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Kanuni za mji za mwaka 1900 ziliuweka mpaka kwa njia rahisi kabisa: chukua ofisi ya mtawala, zungusha duara la maili moja na nusu, kilichomo ndani ndiyo Nairobi. Ni kama kilomita za mraba 18. Mwaka 1906 ndani yake walihesabiwa watu 11,512. Kwa hiyo mwanzo wa mashindano Dar iliongoza, tena karibu mara mbili.

Uongozi huo haukudumu. Walowezi walizichukua nyanda za juu za Kenya, na biashara, benki, viwanda na ofisi za reli vikakaa Nairobi. Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa nchi ya udhamini ambayo Uingereza haikutaka kuigharamia sana. Vita vyenyewe vilichukua wapagazi kwa maelfu, na bonde letu lilikanyagwa na majeshi mpaka Wabelgiji walipoiteka Mahenge Oktoba 1917. Jina la Kariakoo, soko ambalo kila mfanyabiashara wa Ifakara analijua, lilibaki Dar kutokana na kikosi hicho cha wapagazi waliopiga kambi pale.

Mwaka 1948 ilifanyika sensa ya kwanza iliyokusudia kuwahesabu watu wote wa Afrika Mashariki kwa utaratibu mmoja. Nairobi ilikuwa na karibu watu 119,000. Mombasa ilikuwa na karibu 85,000, Dar 69,000 na ushei, na mji wa Zanzibar, ambao karne iliyotangulia ulikuwa mama wa pwani yote, ulikuwa na takriban 45,000. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Machi 1950, Nairobi ilipewa hati ya kuwa jiji. Dar ilisubiri hadi 1961, mwaka wa uhuru.

Tusizisome tarakimu za wakati ule kana kwamba watu walikuwa huru kukaa watakako. Nairobi ya kikoloni ilimtaka Mwafrika awe na kipande mfukoni na mwajiri nyuma yake. Mkewe na watoto walitakiwa wabaki kijijini. Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, serikali iliuzingira mji mzima ikawasomba Wakikuyu, Waembu na Wameru wengi mno, zaidi ya 20,000 wakapelekwa kizuizini. Mji ulipunguzwa watu kwa amri. Baadhi ya waliozuiliwa walitumikishwa kuchimba mifereji ya Mwea, kule Kirinyaga, ambako leo hutoka sehemu ya mchele unaoliwa Nairobi. Mkulima wa mpunga wa Kilombero anayeitazama Mwea kwa wivu kwa sababu ya mifereji yake ajue kwamba mifereji ile ilianza kwa jasho la wafungwa.

Dar nayo ilikuwa na mipaka yake ya ndani: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na nafasi tupu iliyoachwa kati ya Uhindini na Kariakoo, Mnazi Mmoja. Lakini mkono wa serikali ulikuwa mlegevu kidogo, na mtu wa Rufiji, wa Uzaramo au wa Ulanga aliweza kujenga kibanda chake cha udongo na makuti Ilala au Magomeni akaishi na familia yake. Naamini tofauti hii ina uzito hadi leo. Dar ilikua kwa kutambaa chini, nyumba kwa nyumba, kiwanja kwa kiwanja. Nairobi ilikua kwa kubanana.

Mwaka 1963 ndio unaonivutia kuliko mwingine wowote katika historia hii. Sensa ya Kenya ya 1962 iliipa Nairobi watu 266,000 na ushei. Kisha mpaka ukasogezwa: kutoka eneo ambalo halikufika hata kilomita za mraba 100, Nairobi ikawa na karibu 700. Kwa mpaka huo mpya, hesabu ileile ya 1962 ilipanda ikapita 340,000. Watu zaidi ya 70,000 waliongezeka bila mtoto hata mmoja kuzaliwa wala mtu kufunga mzigo. Pamoja nao jiji lilimeza mashamba ya kahawa, misitu ya Karura na Ngong, na Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliyotengwa mwaka 1946, kilomita za mraba 117 za simba, vifaru na nyumbu. Mpaka wa Nairobi haujasogezwa tena kwa kiasi cha maana tangu hapo.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Mtu akikuambia Nairobi ina watu 6,200 na ushei kwa kila kilomita ya mraba, amegawa watu hao mpaka na kwenye nyika ya wanyama. Ukiitoa mbuga tu, inakuwa karibu 7,500. Na hata hiyo bado ni wastani unaomchanganya wa Karen mwenye ekari zake na wa Mathare anayelala na wengine watano katika chumba kimoja.

Dar ilipanuka kwa njia nyingine. Ilifanywa mkoa, na mkoa ukapewa ardhi ya kutosha: kilomita za mraba 1,393, mara mbili ya Nairobi. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa mikorosho, minazi na mihogo. Sensa ya 1967 iliipa Dar watu 272,000 na ushei. Ya Kenya ya 1969 iliipa Nairobi 509,286. Halafu Tanzania ikahesabu tena 1978, ikapata 843,090 mkoani Dar es Salaam, na Kenya mwaka uliofuata ikapata 827,775 jijini Nairobi. Walioshangilia kwamba Dar imeipita Nairobi walisahau kwamba hesabu ya Dar ilikuwa ya mkoa mzima, pamoja na wakulima wa muhogo. Wakazi wa mjini pekee walikuwa hawajafika 800,000. Kwa mpaka mmoja Dar ilikuwa mbele, kwa mpaka mwingine Nairobi.

Mbio hizo zilikuwa zimepata injini mpya, na injini hiyo inapita Kilombero. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza 1970 kwa msaada wa China, ukamalizika 1975: kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Lengo lake lilikuwa shaba ya Zambia isipite katika mikono ya makaburu. Lakini kwa bonde letu reli hiyo ilikuwa mlango. Kabla yake, masika yakianza Ifakara ilikuwa kisiwa, na Mlimba ilikuwa mbali kuliko maili zake. Baada yake vijiji vikajipanga kando ya reli, kutoka Mang'ula, Kiberege na Ifakara hadi Mbingu, Chita na Mlimba, mahali ambapo treni hushika pumzi kabla ya kupanda madaraja na mahandaki ya kuelekea Makambako. Mpunga uliokuwa ukibebwa kwa mtumbwi na kichwani ukapata behewa. Wakaja Wasukuma na ng'ombe wao, wakaja Wanyakyusa, Wahehe na Wachaga kutafuta mashamba, wakawakuta Wandamba, wenyeji wa mto. Na watoto wa Wandamba na Wapogoro wakapanda treni ileile kwenda Dar.

Kidatu, mwanzo wa bonde, kiwanda cha sukari kilikuwa kimeshajengwa miaka ya 1960. Mwaka 1975 bwawa la Kidatu likaanza kuzalisha umeme, na baada ya kukamilika likafikia megawati 204. Karne ilipokuwa inageuka likafuata la Kihansi, megawati 180, kwenye maporomoko ya Udzungwa upande wa Chita na Mlimba. Kwa miaka mingi taa za Dar ziliwaka kwa maji ya pande hizi, na vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya zile vikatumia koroboi.

Kihansi ina habari ya ukubwa ambayo siwezi kuiacha. Chini ya maporomoko yale, katika majani yaliyolowa mvuke wa maji, kulikuwa na chura mdogo wa rangi ya dhahabu, hapatikani mahali pengine duniani. Makazi yake yote yalikuwa hekta 2 hivi. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, mvuke ukakauka. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na wale waliobaki korongoni wakatoweka. Miaka kumi baadaye wazao wa wale waliopelekwa Marekani walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni. Mji wa mamilioni ulikuwa umepata mwanga, na gharama yake ikalipwa na hekta mbili.

Tangu miaka ya 1980 tarakimu za Dar ziko mbele, na pengo likapanuka. Mwaka 1988 Dar ilikuwa na watu 1,360,850. Nairobi mwaka 1989 ilikuwa na 1,324,570. Dar ya 2012 ilikuwa na 4,364,541, wakati Nairobi ya 2009 ilikuwa na 3,138,369. Sensa za karibuni zinasema Nairobi 4,397,073 mwaka 2019, na Dar 5,383,728 mwaka 2022. Nchi hizi mbili hazihesabu mwaka mmoja, kwa hiyo katika sensa hizi za karibuni Dar imepata miaka mitatu ya bure. Ukiondoa hiyo miaka mitatu Dar bado inaongoza. Jibu la swali, kwa mpaka wa kisheria wa mkoa na kaunti, ni hilo: Dar ni kubwa kwa eneo mara mbili, na ni kubwa kwa watu, lakini Nairobi imebanana zaidi, maana Dar ina watu 3,865 hivi kwa kilomita ya mraba.

Lakini nimesema mpaka. Nairobi iliyofungiwa katika mpaka wa 1963 ilifurika ikamwagikia Ruiru, Kikuyu, Kitengela, Ongata Rongai na Mlolongo. Wanaoishi huko wanaamka alfajiri kupanda matatu ya kwenda mjini, na usiku karani wa sensa huwakuta Kiambu, Kajiado au Machakos. Ukizijumlisha kaunti hizo tatu na Nairobi, kwa sensa ya 2019, unapata zaidi ya watu milioni 9.3. Dar nayo imeanza kufurika. Kati ya 2012 na 2022 Mkoa wa Dar ulikua kwa asilimia 2.1 tu kwa mwaka, chini ya wastani wa taifa wa asilimia 3.2, huku Pwani ikiruka kutoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947. Hao ni watu wa Kibaha, Vikindu, Mkuranga na Mapinga. Wengi wao ni watu wa Dar waliofuata kiwanja cha bei nafuu. Jumlisha Dar na Pwani unapata milioni 7.4. Kwa hesabu hii ya majirani, Nairobi inarudi mbele. Mimi naona hesabu hii ndiyo iliyo karibu na maisha yenyewe, ijapokuwa nayo inawabeba wafugaji wa mbali wa Kajiado na wavuvi wa Mafia wasiohusika.

Wala si Afrika Mashariki pekee. Paris ina kilomita za mraba 105 tu na watu milioni 2 na kidogo, kwa sababu mpaka wake ulichorwa 1860 na haujabadilika sana. London ina kilomita za mraba 1,572 na watu karibu milioni 9. Anayesoma tarakimu hizo bila ramani atadhani London ni mara nne ya Paris, wakati vitongoji vya Paris vikihesabiwa miji hiyo miwili inakaribiana.

Na Februari 2021 Tanzania ilichora upya: Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Kwa sheria, basi, jiji lenye jina hilo lina watu kama milioni 1.6. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa. Mkazi wa Sinza aliyelala akiwa mtu wa jiji aliamka si mtu wa jiji. Watu wa Mchombe hawatashangaa: nao waliona Ifakara ikipewa halmashauri yake ya mji na halmashauri ya wilaya iliyobaki ikaitwa Mlimba, bila mtu kuhamisha hata jiko.

Tazama sasa ukubwa kutoka huku bondeni. Eneo oevu la Kilombero lililosajiliwa kwa Mkataba wa Ramsar mwaka 2002 lina karibu kilomita za mraba 7,967. Dar inaingia humo zaidi ya mara tano, Nairobi mara kumi na moja. Shamba moja la mpunga la Mngeta, lililoanzishwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Korea Kaskazini, lina hekta 5,818, ambayo ni nusu ya mbuga ya Nairobi na zaidi ya nusu ya Paris. Mkoa mzima wa Morogoro una eneo mara hamsini ya Dar, na mwaka 2022 ulikuwa na watu 3,197,104.

Katika kuhesabu watu, bonde hili lina sifa ambayo miji mikubwa ingeionea gere. Mwaka 1996 taasisi ya afya ya Ifakara ilianza kuwafuatilia wakazi wa vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, nyumba kwa nyumba, mara tatu kwa mwaka: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia, nani kaondoka. Kazi hiyo ilianza ili kujua kama vyandarua vinaokoa watoto, na ilionyesha kwamba vinaokoa. Sensa ya taifa huja baada ya miaka kumi na kumwandika mtu pale alipolala usiku mmoja wa Agosti. Mwaka 2022 usiku huo ulikuwa wa kuamkia tarehe 23, mpunga wa Kilombero umeshavunwa, malori yako njiani. Mfanyabiashara wa Mchombe aliyelala Tandale akisubiri dalali aliingia kwenye kishikwambi cha karani akiwa mtu wa Dar es Salaam.

Kenya itahesabu tena 2029, Tanzania 2032. Kufikia hapo bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, litakuwa limeshayabeba mahitaji ya Dar kwa miaka kadhaa. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka Mto Kilombero, yaleyale yanayopita chini ya daraja jipya la Ifakara. Wakati huohuo serikali inataka bonde lilime mpunga zaidi kwa umwagiliaji, ili miji ipate kula. Nairobi iko katika mvutano kama huo na Murang'a, ambako bwawa la Ndakaini limeinywesha tangu miaka ya 1990 na wenyeji wanadai haki yao ya maji. Mto Kilombero hautoshi kufanya kazi mbili kwa ukamilifu katika mwezi mmoja wa kiangazi, na uamuzi wa nani apate maji kwanza, mtambo au jaruba, bado haujafanywa na wenye majaruba wakiwapo mezani.